Tulikwenda Mombasa Bila Kufika Mombasa

Mpenzi msomaji, vuta kiti uketi, kwa maana leo nina neno na neno lenyewe si fupi. Linahusu safari ya chama chetu ya mwaka ujao.

Wale waliokuwa kwenye mkutano wa mwisho wanakumbuka makelele yaliyokuwapo. Mlezi wetu aliuliza safari iwe ya wapi, na kabla hajamaliza swali mikono ilipaa kama mahindi shambani. "Mombasa! Mombasa!" Alipouliza Mombasa sehemu gani, jibu likatoka kwa sauti moja: "Pirates!" Kwa asiyejua, Pirates ni jina ambalo watu huuita ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi. Mimi peke yangu nilinyamaza kimya kama maji ya mtungini. Wenzangu wa kidato cha tatu walinishangaa, kwa sababu wanajua fika kwamba Disemba iliyopita nilikuwa huko na jamaa yetu nzima, na tangu nirudi sijaacha kuringa. Ukweli ni kwamba nilinyamaza kwa aibu. Nimeona heri niandike, maana kwa kalamu hakuna wa kunikatiza.

Maoni yangu ni haya: sisi watu wa huku bara tukisema tumekwenda kisiwani Mombasa, mara nyingi hatujafika. Na chama cha Kiswahili kikifunga safari ya kwenda Pirates na kurudi, kitakuwa kimetupa pesa za wazazi.

Najua sasa kuna mtu ananguruma. Ngoja kwanza.

Baba alifanya kazi katika kiwanda kimoja hapa Thika kwa miaka kumi na minane. Mwezi wa Septemba wafanyakazi walipunguzwa, naye akawa miongoni mwao. Akapewa kiinua mgongo chake. Basi si unajua majirani! Huyu akamshauri anunue ng'ombe wa maziwa, yule akasema pikipiki ya bodaboda, wa tatu akaleta habari za ploti huko Ngoliba. Mama alitaka tuongeze chumba cha biashara upande wa barabara. Baba alisikiliza wote, halafu usiku mmoja tukiwa tunakula akasema, "Mimi nina miaka arobaini na sita na sijawahi kuona bahari. Watoto hawa nao hawajaiona. Kabla pesa hizi hazijaisha, lazima tuione." Mama alikasirika mpaka akaacha chakula. Walizozana siku tatu, kwa sauti ya chini, ile ambayo watoto huisikia vizuri kuliko ya juu. Mwishowe walikubaliana: sehemu kubwa iende kwa hicho chumba cha Mama, sehemu ndogo iende baharini. Nyanya, ambaye hakuwa amevuka Nairobi maishani mwake, alitangaza, "Kama mnaenda, mimi pia naenda." Hakuna aliyethubutu kumpinga.

Tulikuwa watu sita: Baba, Mama, Nyanya, kaka yangu, mimi na mdogo wetu wa gredi ya nne. Tuliondoka nyumbani saa tisa za usiku tupate kuwahi treni ya asubuhi kule Syokimau. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa mwanzoni mwa mwaka 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, kwa hivyo ukizidisha kwa watu utaona kwa nini Mama alihesabu pesa mara mbili kabla ya kuzitoa. Ndani ya treni ilikuwa raha mustarehe. Pale Tsavo mdogo wetu alihesabu ndovu tisa. Kaka alisema watano kati yao walikuwa mawe.

Sasa sikiliza jiografia, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mombasa ni kisiwa. Tulifundishwa shuleni, tukaandika kwenye mtihani, tukapata alama, tukasahau. Treni inaishia Miritini, na Miritini iko bara. Ndege nazo hutua bara, upande wa Changamwe. Ukitoka Miritini unaingia kisiwani kwa kupita Makupa, pale ambapo zamani palikuwa na tuta lililozuia maji ya bahari kupita na sasa pana daraja. Ukienda mwisho wa kisiwa upande wa kaskazini unakutana na daraja la Nyali, lililojengwa mwaka 1980. Ukilivuka umetoka kisiwani, uko bara tena. Nyali, Bamburi, Shanzu, zote ni bara. Ukienda kusini unapanda feri, ukishuka Likoni uko bara vilevile, na Diani iko mbele huko. Kwa hivyo zile fuo zote za kwenye kalenda na picha za simu, zile tunazoziita "Mombasa", haziko katika kisiwa cha Mombasa. Sisi tulipanda matatu Miritini, tukaingia kisiwani upande mmoja na kutokea upande wa pili. Wakati huo Mama alikuwa anatafuta simu yake iliyoangukia chini ya kiti, na Nyanya alikuwa amelala. Hiyo ndiyo ilikuwa Mombasa yetu.

Kule Bamburi Baba alikodi nyumba ya vyumba viwili. Tulikuwa tumebeba unga wa ugali, maharagwe, sufuria mbili na, usicheke, sukuma wiki kutoka shambani kwa Nyanya. Jirani wa kushoto alikuwa mtu wa Ruiru. Jirani wa kulia walikuwa watu wa Githurai. Asubuhi tukienda ufuoni tulisalimiana kwa Kikuyu. Ungedhani uko stendi ya Thika siku ya sikukuu, ila kuna maji.

Sitaki kudanganya, siku zile zilikuwa tamu. Mdogo wetu alipoambiwa maji ya bahari yana chumvi alikataa kuamini, akanywa mateko mawili mazima ili ahakikishe. Kaka alipanda ngamia akashuka akitembea kama mzee wa miaka themanini. Mama, ambaye alikuwa hataki safari, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia majini na wa mwisho kutoka. Nyanya alikunja sketi yake kidogo, akaacha mawimbi yamlambe miguu, akasimama hapo bila kusema lolote kwa muda mrefu sana. Mtu asiniambie kwamba kuogelea hakuna maana.

Lakini hebu fikiria jambo hili. Mimi ndiye niliyepata zawadi ya insha katika shule yetu. Mimi ndiye katibu msaidizi wa chama cha Kiswahili. Nilikaa siku sita katika pwani ya Waswahili wenyewe, na katika siku hizo sita Kiswahili nilichozungumza na watu wa huko kilikuwa maneno mawili: "Bei gani?" na "Punguza." Basi. Hayo mengine yote tuliongea sisi kwa sisi, kwa lugha ya nyumbani au kwa kile kiswahili chetu cha matatu.

Siku ya saba mwenye nyumba alitaka nyumba yake saa nne asubuhi, na treni yetu ilikuwa ya usiku, saa nne. Tulikuwa na saa kumi na mbili za kupoteza, mizigo mikononi, na jua linaloweza kukaanga yai. Ni hilo tu lililotuingiza kisiwani, wala si mapenzi ya historia.

Tuliweka mizigo kwa dereva mmoja aliyefahamiana na Baba, kisha tukaenda mpaka Ngome ya Yesu, ile ambayo wote huiita Fort Jesus. Baba alihesabu pesa zilizobaki akasema, "Waingie wanafunzi." Tukaingia kaka, mdogo wetu na mimi. Nilikuwa nimesoma kwamba Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, lakini kitabu hakikuniambia unene wa kuta zile wala jinsi bahari inavyoonekana kupitia matundu ya mizinga. Waarabu wa Omani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Disemba 1698. Karibu miaka mitatu! Meli moja ya Wareno ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 na vitu vilivyoopolewa vimewekwa humo ndani. Waingereza nao wakaigeuza kuwa jela, ikakaa jela hadi mwaka 1958. Mdogo wetu aliuliza kama wafungwa waliruhusiwa kuogelea.

Tulipotoka hatukuwaona wazazi. Baba tulimkuta kwenye benchi la muuza kahawa, amekaa na wazee watatu, kikombe kidogo kisicho na mkono kikiwa kimepotea ndani ya kiganja chake. Kahawa ilikuwa tungu, na ukitaka utamu unatafuna kashata. Mzee mmoja alikuwa anamwambia habari za lori lake. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo inayoshuka bandarini ipelekwe Nairobi kwa treni, watu wa malori wakaandamana, na ingawa agizo hilo liliondolewa mwaka 2022, yeye lori alikuwa ameshaliuza. Treni yenyewe ni ya reli ile ile tuliyoifurahia sisi tukihesabu ndovu. Kisha nikamsikia Baba akisema, kwa Kiswahili cha polepole, "Mimi pia niliachishwa kazi. Miaka kumi na minane." Msomaji wangu, Baba hakuwa amewahi kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu. Nyumbani tulikuwa tunasema "pesa za Baba zilitoka", kana kwamba alishinda bahati nasibu. Wale wazee hawakumshauri anunue ng'ombe. Walimwambia pole, wakaagiza kahawa nyingine. Mimi nikajifanya naangalia mlango.

Na milango yenyewe, jamani! Imechongwa kuanzia juu mpaka chini, maua na minyororo, na ndani ya vichochoro vile kuna kivuli na upepo ambao huupati popote kule ufuoni. Tulimtafuta Nyanya tukamkuta kwenye baraza ya nyumba ya watu, amevua viatu, anapigwa upepo na bibi mmoja wa makamo yake aliyekuwa na upepeo wa ukili. Nyanya wangu Kiswahili anakijua robo, na hiyo robo anaivunjavunja. "Mimi nasikia choto mingi," alikuwa anasema, "mimi natoka Thika, kule ya mananasi." Yule bibi alikuwa ameelewa yote. Walishafika kwenye habari za magoti, bei ya nazi na wakwe wasiosikia. Sisi tulisema shikamoo, naye akaitikia marahaba, akatuma mtoto atuletee maji na viazi vya karai.

Sasa ndipo nilipofanya kituko changu. Kaka aliuliza tufikeje bandari ya zamani, ile ya majahazi. Bibi akanyoosha mkono: "Fuateni ndia hii hii, mushukie tini kule, mutaiona bahari." Nami, mwenye zawadi ya insha, nikasema kwa adabu zote, "Samahani bibi, ni *njia*. Na ni *chini*."

Kukawa kimya. Kaka alinikanyaga mguu. Halafu yule bibi akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Mwanangu," akasema, "wewe sema njia yako, nami niwate na ndia yangu. Mimi nimezawa hapa." Hilo neno "niwate" nalo sikulielewa. Nikatingisha kichwa kama mjuzi.

Shule zilipofunguliwa Januari nilimfuata mwalimu wetu wa Kiswahili ofisini, nikamweleza yote isipokuwa sehemu ya kumsahihisha bibi wa watu. Aliniambia kwamba kile nilichokisikia ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa maana Mvita ndilo jina la kale la mji huo. Kuwata ndiko kuacha. Ndia ndiyo njia. Muyaka bin Haji, yule malenga tunayemtaja kila tukisoma historia ya ushairi, aliishi kisiwani humo mpaka alipofariki karibu na mwaka 1840, na alitunga kwa Kimvita hichohicho. Kumbe mimi ningemtia Muyaka kalamu nyekundu! Mwalimu akaongeza jambo lililonitia kicheko na uchungu pamoja: Kiswahili sanifu tunachotahiniwa kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, na mkutano ulioamua hivyo mwaka 1928 ulifanyikia Mombasa. Yaani walikutana kwa watu, wakachagua lugha ya kwingine, na karibu miaka mia baadaye msichana wa Thika anakwenda kumsahihisha mwenye mji mlangoni kwake.

Ndiyo maana nilinyamaza mkutanoni.

Wapo wanaoniambia, "Wewe ulikula raha yako ya bahari, sasa unatunyima sisi." La hasha! Sisemi tusiguse maji. Nasema tusiishie majini. Wengine wanasema Mji wa Kale hauna la kufanya, utatembea tu. Ni kweli utatembea. Kisiwa ni kidogo na miguu unayo. Mweka hazina wetu anapenda kuuliza habari za pesa, basi namjibu: kutembea vichochoroni hakulipiwi. Kuingia Marikiti na kunusa viungo mpaka upige chafya hakulipiwi. Feri ya Likoni haimtozi mtu wa miguu hata ndururu, na ukipanda kwenda na kurudi umeshasafiri baharini kwenye chombo kikubwa kuliko mashua yoyote ya kukodi pale Pirates. Ufuo pia haulipiwi, nakubali, lakini kule kila hatua kuna ngamia, kuna boya, kuna mpiga picha, na mfuko unavuja taratibu bila wewe kujua. Cha kulipia kisiwani ni ngome, na hapo wanafunzi wana bei yao.

Tena tujiangalie sisi wenyewe. Wageni wangapi hupita hapa Thika, wakasimama pale Blue Posts, hoteli iliyokuwapo tangu mwaka 1908, wakapiga picha maporomoko ya Chania upande huu na ya mto Thika upande ule, wakanunua nanasi barabarani wakaondoka? Wakifika kwao wanasema wameiona Thika. Makongeni hawajui. Kiandutu hawajui. Hawajui filimbi ya kiwanda inavyolia alfajiri, wala ni akina nani walioacha kuamka nayo tangu Septemba. Sisi tukiwasikia tunakasirika, tunasema, "Hawa wameona maji tu." Sasa yule bibi wa Mji wa Kale atasema nini kutuhusu?

Jambo moja zaidi. Mwalimu wa historia aliwahi kutuambia juu ya Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331. Aliandika kwamba Mombasa ni kisiwa kikubwa, watu wake hula ndizi na samaki, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa vizuri. Alilala hapo usiku mmoja tu. Sisi tulilala sita, na hakuna hata mmoja tuliolala kisiwani, na sukuma wiki tulikuja nayo.

Pendekezo langu nimeshampa katibu kwa maandishi. Tufike asubuhi, siku nzima ya kwanza iwe ya kisiwani: ngome, Mji wa Kale, Marikiti, bandari ya zamani, feri jioni. Kila mwanachama arudi na maneno kumi ya Kimvita aliyoyasikia kwa masikio yake, si ya kwenye kamusi, na aseme aliyasikia kwa nani. Siku ya pili twende Bamburi tukaogelee mpaka vidole vikunjamane. Atakayetaka kunipinga anipinge mbele ya wote Ijumaa tutakapopiga kura, asininong'oneze nyuma kwenye foleni ya githeri.

Chumba cha Mama kimekwisha, anauza nguo humo. Baba bado anatafuta, mara hupata kibarua cha wiki mbili, mara hapati. Majirani wakimuuliza pesa zilikwenda wapi huwajibu, bila kuficha, kwamba aliachishwa kazi, na sehemu kidogo aliwapeleka watoto kisiwani. Kuhusu Nyanya, yule bibi alimpa namba ya simu ya mjukuu wake, na kila mwezi mimi ndiye ninayeitwa nipige. Wanapiga kelele dakika tano, magoti na nazi, halafu salio linaisha. Juzi Nyanya aliniuliza kama chama chetu kinaandikisha watu wazima, kwa sababu amesikia kuna safari.